Jinsi ya Kufuatilia Utumishi wa Manowari ya Kusindikiza: Mfano wa HMS Petard

Anayetaka kuandika historia ya manowari iliyosindikiza misafara katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aanze na misafara yenyewe, kwa kuwa manowari ya aina hiyo ilikwenda kule zilikoelekea meli za mizigo na za askari. Tuchukue HMS Petard ya Uingereza, iliyoingia kazini mwaka 1942.

Kwanza, thibitisha namba ya ubavuni, ambayo kwa Petard hii ilikuwa G56. Majina ya manowari hurithishwa, na Petard nyingine ilipigana katika mapigano ya baharini ya Jutland mwaka 1916.

Kisha tafuta nyaraka za jeshi la majini zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, ambako mafungu yake huanza na herufi ADM. Wengi hukimbilia fungu la ADM 53, lenye vitabu vya safari, lakini vya manowari ndogo za vita hivyo vingi havikuhifadhiwa; ni afadhali kutumia ADM 187, linaloonyesha manowari zilikuwa wapi, na ADM 199, lenye taarifa za misafara na mapigano.

Humo ndimo utakapoufuata msafara wa KR 8, uliotoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo mwanzoni mwa Februari 1944. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliizamisha Khedive Ismail, meli ya askari ya msafara huo, na watu wapatao 1,300 wakafa, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Petard na manowari mwenzake Paladin waliisaka nyambizi hiyo, na mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, yakadondoshwa ilhali manusura wangali wakielea majini, hadi torpido ya Petard ilipoimaliza. Kwa tukio zito namna hii, taarifa ya nahodha mmoja haitoshi: isome sambamba na ya Paladin, ukilinganisha saa kwa saa, na majina ya askari wetu uyatafute katika Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, Nairobi.

Mwisho, kila maelezo yapime kwa mwaka yalipoandikwa. Oktoba 1942, Anthony Fasson na Colin Grazier wa Petard walizama ndani ya nyambizi ya Ujerumani U-559 wakiokoa vitabu vya siri, vilivyowasaidia wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua maandishi ya siri, kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Ujerumani. Kwa kuwa siri hiyo ilifichwa hadi miaka ya 1970, maandishi ya kabla ya hapo yanaweza kuwa ya kweli kuhusu kuzama kwa U-559 na bado yakakosa kiini cha tukio.