Jinsi ya Kujifunza "The Trooper" kwa Gitaa la Besi

"The Trooper" ni wimbo wa hevi metali wa mwaka 1983 ulioandikwa na Steve Harris, mpiga besi wa kundi la Iron Maiden la Uingereza. Unasimulia shambulio la askari wapanda farasi wa Uingereza huko Balaclava, Krimea, mwaka 1854, na mbio za farasi hao zimo ndani ya besi yenyewe. Kwa sababu hiyo, anayejifunza aanze na mkono unaocharaza, kwani sauti (noti) zinazobonyezwa kwenye shingo ya gitaa hazisumbui sana. Kinachosumbua ni mwendo.

Tuni nyuzi zako katika E, A, D na G, kisha ucharaze uzi mnene wa E ukiwa wazi, yaani bila kuubonyeza. Kila pigo la mdundo linabeba sauti tatu: ya kwanza huchukua nusu ya pigo, na mbili zinazofuata hugawana nusu iliyobaki. Harris hutumia vidole, nami naamini ladha ya wimbo huu hupatikana hivyo. Pokezanisha kidole cha shahada na cha kati bila kuruka zamu. Kwa kuwa sauti ni tatu na vidole ni viwili, pigo moja litaanzwa na shahada na linalofuata litaanzwa na cha kati, na hapo ndipo wengi huteleza, kwa maana kidole cha kati kikianza pigo huelekea kulidhoofisha. Rudia zoezi hili mpaka masikio yako yasiweze kutofautisha kidole kilichoanza.

Weka metronomu, kifaa kinachohesabu mapigo, kwenye mapigo 80 kwa dakika na uipandishe kidogo kidogo. Mwendo wa wimbo unakaribia mapigo 160 kwa dakika, yaani sauti 8 kwa kila sekunde, kasi ambayo mkono uliokazwa hauwezi kuistahimili. Gusa uzi kwa wepesi, na uiachie amplifaya kazi ya kukuza sauti. Unapohamia nyuzi nyembamba, kidole gumba kilalie uzi wa E ili usivume.

Katika beti, vyombo hupiga kwa pamoja kisha hunyamaza mwimbaji anapoimba. Hesabu ukimya huo kwa uangalifu uleule unaohesabia sauti, na uzime nyuzi zote kwa mikono miwili. Hatimaye piga pamoja na rekodi yenyewe, ukifuata ngoma za Nicko McBrain kuliko magitaa.