Somo: Kuchagua lenzi ya praimu inayoendana na jicho lako

Wakuu, swali halibadiliki: ninunue lenzi ya 50mm au ya 35mm? Na jibu la haraka huwa "chukua 50, bei poa, inafifisha nyuma." Si jibu baya, ila limetolewa na mtu asiyekujua. Praimu haina zumu, ina urefu mmoja wa fokasi, basi (ndiyo ile namba ya milimita: ndogo inaona eneo pana, kubwa inavuta karibu). Ukiinunua umeshaamua utasimama wapi kila unapopiga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize unapenda kuwa umbali gani na mtu unayempiga.

Hatua ya 1: Zisome picha zako mwenyewe

Chukua picha zako unazozipenda kweli, si zile alizozipenda mteja. Kwenye kompyuta ya Windows bofya kulia kwenye picha, fungua Properties, kisha Details, utaona urefu wa fokasi uliotumika. Mwenye Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, anaweza kuchuja maktaba nzima kwa namba hiyo.

Hapa kuna mtego. Kama unatumia lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, picha nyingi zitakuwa kwenye 18 au 55, kwa sababu zumu inagota hapo. 55 inaweza kumaanisha ulitaka kwenda mbele zaidi ukashindwa. Angalia kama hizo za 55 ulizikata pembeni wakati wa kuhariri. Kama ulizikata sana, unatafuta lenzi ndefu zaidi. Na zile za 18, kumbuka: ulitaka mandhari yote, au ulikuwa umebanwa na ukuta mgongoni? Namba za katikati, 24, 28, 35, ndizo za kuaminika, maana hapo mkono wako ulisimama wenyewe.

Huna kamera bado? Tumia simu. Kamera kuu ya simu nyingi inaona takriban kama 24 hadi 28 ya ful fremu (kamera yenye sensa kubwa; sensa ni kile kipande kinachonasa picha), na ukiweka 2x unakaribia 50. Tazama unaishia wapi mara nyingi.

Hatua ya 2: Ijue sensa yako

Sensa ndogo ya APS-C inakata pembeni, hivyo lenzi inaonekana ndefu zaidi: zidisha kwa 1.5 ukiwa na Nikon, Sony au Fujifilm, na kwa 1.6 ukiwa na Canon. Ile 50 inayosifiwa inakuwa kama 75 au 80. Hiyo ni lenzi ya kupigia sura za watu, si ya kila kitu! Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alifanya kazi zake nyingi kwa 50, lakini kwenye filamu ya 35mm, yaani ukubwa wa ful fremu. Ukitaka jicho lake ukiwa na APS-C, tafuta 30 au 35.

Hatua ya 3: Pima chumba, usipime ndoto

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa hela. Chukua urefu wa kitu unachotaka kiingie, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawa kwa upande mrefu wa sensa kwa milimita (36 kwa ful fremu, kama 23 kwa APS-C). Unapata umbali wa kusimama.

Mfano: bibi harusi mzima na nafasi kidogo juu na chini, tuseme mita 2, kamera ya APS-C imesimama wima. Kwa 85 unahitaji zaidi ya mita 7. Kwa 50, mita 4 na kitu. Kwa 35, mita 3. Kwa 24, mita 2 tu. Sasa fikiria chumba anachopambwa: kitanda, masanduku, mashangazi, mpambaji na taa yake. Hizo mita 7 unazitoa wapi? Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ni hivyohivyo, ukuta haukupishi. Anayepiga ufukweni au uwanjani ndiye ataifaidi 85.

Umbali pia ndio unaobadilisha sura. Ukimsogelea mtu hadi nusu mita kwa 24, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Lenzi haina kosa, umesogea mno. Kuna wanaopenda ukaribu ule, picha inakuwa kama na wewe umo ndani ya mazungumzo. Wengine wanataka utulivu wa 85, mtu hajui hata kama anatazamwa. Ladha ni hapo.

Hatua ya 4: Ifunge zumu

Ukishashuku namba, weka zumu hapo, bandika selotepu kwenye pete, kisha fanya shughuli zako za kawaida wiki nzima. Ukijikuta unaibandua kila saa, namba siyo. Ukisahau kwamba ipo, umepata.

Hatua ya 5: Tundu la lenzi

Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55 ikiwa kwenye 55 inafungua hadi f/5.6. Praimu ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Ukumbini usiku ni tofauti ya kutumia flashi au kutoitumia. Ila usinunue kwa ajili ya ukungu wa nyuma peke yake. 85 kwenye ful fremu, f/1.8, mtu yuko mita 2: sehemu iliyo kali ni kama sentimita 6. Jicho moja limo, sikio halimo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina Nikon D3200, nimeletewa 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa. Nichukue?
Ukiichukua utafokasi kwa mkono. Kamera za familia ya D3000 na D5000 (yako imo) hazina mota ya fokasi ndani, na lenzi za D zinategemea mota ya kamera. Tafuta yenye maandishi AF-S, ina mota yake yenyewe. Rafiki yako mwenye D7200 anaweza kuifaidi hiyo.

Shikamoo mwalimu. Kati ya 50 f/1.4 na f/1.8 ya Canon, ipi?
Marahaba. f/1.4 inaongeza mwanga kama mara moja na nusu tu, pale ulipohitaji ISO 2500 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga kwenye kamera) utatumia 1600. Kwa Canon EF, ile ya f/1.8 STM ina gramu 160, ya f/1.4 USM gramu 290. Mimi ningechukua 1.8, chenji nikanunulie flashi.

Dada yenu hapa, napiga send-off na kitchen party. Praimu moja inatosha?
Dada, kwa kazi ya kulipwa usiende na moja. Ukumbi hauna marudio. Beba ile zumu kwa picha za makundi, na 35 kwa APS-C ibaki kwa keki, nyuso na kucheza. Makundi usiyapige f/1.8, mstari wa nyuma utapotea, anzia f/5.6.

Nimeona lenzi ya mtumba, muuzaji anasema ni vumbi tu ndani. Nitajuaje?
Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa pembeni. Vumbi ni vidoti. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui zinaanzia ukingoni, ni kuvu, na huku pwani, Dar, Tanga au Mombasa, unyevu unazilea. Gharama ya kuisafisha inaweza kukaribia bei ya lenzi yenyewe. Vumbi kidogo chukua, na omba punguzo. Kuvu mwachie.