SOMO: Deta za mvua na joto mtandaoni, ipi ni bure, ipi unalipia na unalipaje

Habarini za saa hizi wakuu.

Mi nina kaofisi ka stesheneri hapa Ngamiani, Tanga mjini, naprinti, nafunga ripoti, naskani vyeti, na kila msimu wa wanafunzi kuandika ripoti ukifika swali ni lile lile, "kaka deta za mvua za Tanga napata wapi, na shingapi?" Nawaelewa kwa sababu na mimi nishawahi kuliwa elfu themanini na kijana mmoja wa wasapu, akaniuzia faili la eksel la mvua ya Muheza ya kila siku, anasema ni deta orijino za satelaiti. Wiki mbili baadae nikaikuta tovuti yenye namba zile zile, tarehe kwa tarehe, na ni bure kabisa. Na nilikuwa nishamshukuru juu.

Kwaiyo kabla hujatoa hata mia elewa hili: deta za satelaiti na za modeli kubwa za kisayansi nyingi ni bure, deta zilizopimwa na kituo kwa mkono wa mtu ndo za kulipia. Mvua iliyoingia kwenye kipimamvua pale uwanja wa ndege Tanga ni ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), unaifuata TMA. Mtu baki akikuuzia deta ya satelaiti kwa bei ya kituo anakupiga.

Sasa tuanze na ya bure, tuchukue NASA POWER, tovuti ya deta ya shirika la anga la Marekani, maana haitaki hata akaunti.

Hatua ya 1. Tafuta kordineti (namba mbili zinazoonyesha mahali) za eneo lako, kwenye Google Maps unabonyeza sehemu unaishikilia namba zinatokea. Tanga mjini ni kama -5.07 na 39.10. Hiyo alama ya kutoa mbele ya 5 usiiache jamani, sisi tuko kusini ya ikweta. Kuna dada aliniletea ripoti nimfungie, nikaona mvua yake haina masika ya Tanga niliyoizoea, kucheki kordineti kaandika 5.07 bila kutoa, kumbe deta yote ni ya kusini mwa Ethiopia huko, na sura ya nne ishaandikwa.

Hatua ya 2. Fungua power.larc.nasa.gov, ingia sehemu ya kuchukua deta, chagua kundi la kilimo, chagua kila siku, weka kordineti na tarehe. Inaanzia 1981.

Hatua ya 3. Chagua unachotaka. Mvua imeandikwa PRECTOTCORR, joto ni T2M, joto la juu T2M_MAX. Usitiki kila kitu kisa ni bure, utajaza eksel halafu uje uniulize safu ipi ni ipi.

Hatua ya 4. Chagua CSV (faili la jedwali, linafunguka kwenye eksel), pakua. Faili la sehemu moja ni dogo, bando halistuki.

Hatua ya 5, hapa ndo wengi wanaanguka. Ukifungua utakuta sehemu zingine imeandikwa -999. Hiyo sio mvua, maana yake deta haipo. Zifute kabla hujajumlisha, la sivyo utapata mwezi ambao mvua badala ya kunyesha imerudi mawinguni.

Sasa za kulipia. Unaandika barua au ombi kwa TMA (meteo.go.tz), na siri iko kwenye kuomba vizuri: taja kituo, taja kitu gani (mvua, joto, upepo), taja kuanzia mwaka gani mpaka gani, taja ni ya kila siku au ya mwezi. Ukiandika tu "naomba deta za hali ya hewa Tanga" mtarushiana imeili mpaka uchoke. Mwanafunzi ambatanisha barua ya chuo. Ikija ankara itakuwa na kontrol namba, kwa M-Pesa unapiga *150*00# unatafuta malipo ya serikali, unaingiza namba, unalipa, risiti unatunza. Mtu akikwambia "tuma kwenye namba yangu nikusaidie kusukuma", hapo simama.

Maswali ya wadau:

Mdau wa Muheza: Mkuu nina machungwa huku chini na kaeneo ka iliki kule Amani, nimepakua POWER sehemu zote mbili namba zinafanana kabisa, inawezekanaje wakati Amani mvua ni kila saa?

Jibu: Swali zuri sana hili. POWER inagawa dunia kwa maboksi ya nusu digrii kwa 0.625, huku kwetu ni kama kilomita 55 kwa 69, na Muheza mjini na Amani zinaangukia boksi moja. Mlima wenye karibu mita 900 na bonde vyote vimepikwa chungu kimoja. Wewe tumia CHIRPS, deta ya mvua ya Chuo Kikuu cha California Santa Barbara, boksi zake ni kama kilomita 5 na yenyewe inaanzia 1981, bure. Usipakue faili za dunia nzima utalia, ingia tovuti ya Climate Engine, chagua CHIRPS, weka nukta yako, toa CSV. Ila hata hiyo milimani sio msahafu, ukiweza tundika kipimamvua chako shambani ulinganishe.

Mwanafunzi: Nimechukua ERA5 (deta ya modeli ya hali ya hewa) kule Copernicus, tovuti ya Umoja wa Ulaya, joto la Tanga linasoma 300, nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, hiyo ni Kelvini. Toa 273.15, utapata kama 27. Mvua yake nayo iko kwa mita, zidisha mara 1000 iwe milimita.

Mdau wa Pangani: Sisi ni kina mama wa mwani, cottonii (aina ya mwani) inatufia maji yakichemka. Joto la bahari je, nalo la kununua?

Jibu: Hapana mama, bure. NOAA Coral Reef Watch, wa idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, wanatoa joto la juu ya bahari kila siku, boksi za kilomita 5, kuanzia 1985. Tatizo ni kwamba mwani wenu uko kwenye maji ya magotini, bamvua likitoka na jua la saa saba pale panachemka kuliko satelaiti inavyosema. Mnunue kipimajoto, mpime maji yakitoka, mwandike kwenye daftari.

Mdau: Tovuti ya nje inataka Visa, sina akaunti benki.

Jibu: Kuna kadi za mtandaoni unatengeneza kwenye simu kupitia mtandao wako. Weka hela ya kulipia hiyo tu, na ukishalipa zima malipo ya kila mwezi siku ile ile. Ila kwanza nitajie ni deta gani unataka, isije ikawa hii hii ya bure.