Namna ya Kupima Iwapo Kampuni Kubwa ya Teknolojia Inunue Mshindani Anayeyumba

Tarehe 1 Februari 2008 Microsoft ilitangaza hadharani kwamba ilikuwa tayari kuinunua Yahoo kwa dola 31 kwa kila hisa, jumla ya dola bilioni 44.6, nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa hisa zake yenyewe. Siku moja kabla ya tangazo hilo, soko lilikuwa limefungwa hisa ya Yahoo ikiwa dola 19.18. Yahoo ilikuwa imetoka kutangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi wapatao 1,000, na katika biashara ya kutafuta habari kwenye intaneti ilikwisha kuachwa mbali na Google. Kwa mwanafunzi wa biashara, mwanahisa au mjumbe wa bodi anayetaka kujifunza kupima ununuzi wa aina hii, sioni kisa kinachofaa zaidi, kwa kuwa ununuzi wenyewe haukufanyika, na hata hivyo yaliyozipata pande zote mbili yanajulikana.

Anza na kitu kinachotakiwa

Hatua ya kwanza ni kuandika, kwa sentensi moja isiyo na mapambo, kitu ambacho mnunuzi hana na mshindani anacho. Ikiwa sentensi hiyo haiandikiki, au inatoka na maneno kama "kuimarisha nafasi yetu sokoni", mjadala ungefaa kuishia hapo. Kwa Microsoft sentensi hiyo iliandikika: ilihitaji watu wengi zaidi wanaotafuta habari kupitia mtambo wake. Nchini Marekani, wakati huo, Google ilikuwa na zaidi ya nusu ya utafutaji wote, Yahoo ikiwa na takriban moja ya tano na Microsoft takriban moja ya kumi. Matangazo ya kwenye kurasa za utafutaji huuzwa kwa mnada, na mwenye wateja wengi huvutia watangazaji wengi, watangazaji wengi hupandisha bei ya kila mbofyo, na mapato hayo hulipia maboresho ya mtambo ambayo huwavuta wateja wengine tena. Aliye na moja ya kumi ya soko hawezi kuingia katika mzunguko huo kwa kutengeneza programu nzuri tu.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuuliza kama kitu hicho kinaweza kupatikana bila kununua kampuni nzima. Google ilipotangaza mwaka 2011 kuinunua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5, ilichokitaka zaidi kilikuwa hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za kuikinga Android mahakamani; mwaka 2014 ikakubaliana kuiuzia Lenovo biashara ya simu kwa takriban dola bilioni 2.9, na sehemu kubwa ya hataza ikabaki kwake. Viwanda na wafanyakazi walikuwa mzigo ulioambatana na hataza hizo. Wasomaji wa Kenya watakumbuka mfano wa upande wa pili: mtandao wa simu wa yu ulipoondoka sokoni mwaka 2014, haukumezwa mzima mzima na mtu mmoja, bali wateja wake walikwenda Airtel na mitambo ikaenda Safaricom. Kila mnunuzi alichukua kile alichokuwa na haja nacho, na mgawanyo wa namna hiyo ni wa kufikiriwa mapema kabla mabenki hayajaanza kuandaa makaratasi ya kununua vyote.

Hesabu ya nyongeza

Chukua sasa karatasi na kalamu. Ukigawa dola bilioni 44.6 kwa 31 unapata takriban hisa bilioni 1.44, na ukizizidisha kwa 19.18 unaona kwamba soko liliithamini Yahoo kwa karibu dola bilioni 27.6. Kwa hiyo Microsoft ilikuwa tayari kulipa takriban dola bilioni 17 juu ya bei ya soko, nyongeza ya asilimia 62. Fedha hizo bilioni 17 ndizo za kuhojiwa, kwa kuwa zile nyingine zinalingana angalau na thamani ambayo watu wengine walikuwa tayari kuilipa siku ileile. Katika tangazo lake, Microsoft ilisema muungano ungeleta manufaa ya angalau dola bilioni 1 kwa mwaka. Hata tukikubali kiasi hicho chote, bila kukata kodi wala kuhesabu gharama ya fedha zenyewe, ingechukua miaka 17 kurudisha nyongeza pekee. Anayeutetea ununuzi anapaswa basi kuonyesha ukuaji wa mapato uliozidi hapo, na aonyeshe utatoka wapi, maana matumaini hayaingizwi katika mizania.

Kisha angalia vitu vilivyomo ndani ya bei hiyo ambavyo havihusiani na biashara inayoyumba. Yahoo ilikuwa na takriban asilimia 40 ya Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, hisa ilizopata mwaka 2005 kwa dola bilioni 1 pamoja na biashara yake ya China, na ilikuwa pia na sehemu kubwa ya Yahoo Japan. Jambo hili ndilo linaloharibu ile hesabu inayopendwa na wengi, ya kulinganisha dola bilioni 44.6 zilizokataliwa mwaka 2008 na dola bilioni 4.48 ambazo kampuni ya simu ya Verizon ililipa mwaka 2017 kuinunua biashara ya intaneti ya Yahoo. Verizon haikununua hisa za Alibaba. Na takriban nusu ya hisa hizo Yahoo ilikuwa imeiuzia Alibaba yenyewe mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 7. Bodi ya Yahoo ilikosea kukataa, kwa maoni yangu, lakini haikukosea kwa ukubwa unaosimuliwa. Anayepima ununuzi wowote atenganishe kwanza mali zinazoweza kuuzwa peke yake, ili ajue biashara yenyewe anainunua kwa bei gani.

Gharama ya kusubiri

Kampuni inayoyumba haikai ilivyo wakati mnunuzi anasubiri vibali. Wahandisi bora huwa wa kwanza kuondoka, kwa sababu wao ndio wanaopata kazi kwingine upesi, na wateja wakubwa huahirisha oda mpaka wajue nani atakuwa mwenye kampuni. Oracle ilitangaza mwezi Aprili 2009 kuinunua kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems kwa dola bilioni 7.4, lakini uchunguzi wa Umoja wa Ulaya kuhusu MySQL, programu ya hifadhidata ya Sun, uliuchelewesha ununuzi huo hadi Januari 2010. Katika miezi hiyo Larry Ellison, mkuu wa Oracle wakati huo, alisema hadharani kwamba Sun ilikuwa ikipoteza dola milioni 100 kila mwezi, huku washindani wakiwaendea wateja wake mmoja mmoja. Kadiria basi muda wa vibali kwa uangalifu, uuzidishe kwa hasara ya kila mwezi, na ujumlishe katika bei.

Upo pia uwezekano wa kunyimwa kibali kabisa. AT&T ilikubaliana mwezi Machi 2011 kuinunua T-Mobile ya Marekani kwa dola bilioni 39, serikali ikaenda mahakamani kupinga, na kufikia Desemba mpango ulikuwa umekufa. Kwa mujibu wa mkataba, AT&T ililazimika kumlipa Deutsche Telekom, mmiliki wa T-Mobile, dola bilioni 3 taslimu na kutoa pia masafa ya mawasiliano. Mshindani aliyedhaniwa kuwa hoi akapata mtaji kutoka kwa aliyetaka kummeza, na leo ni mmoja wa wakubwa watatu wa simu nchini humo. Afrika Mashariki nako, mpango wa kuunganisha Airtel na Telkom nchini Kenya ulitangazwa Februari 2019 na ukaachwa Agosti 2020.

Mitambo na watu

Hapa ndipo ripoti nyingi za washauri huwa nyepesi, na sababu haifichiki: mshauri anayelipwa ununuzi ukikamilika si mtu wa kutegemewa kukuambia uache. Dai uchunguzi wa kina wa mitambo kutoka kwa wahandisi wako mwenyewe, la sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia. Microsoft iliponunua huduma ya barua pepe ya Hotmail mwishoni mwa mwaka 1997, seva zake za mbele zilikuwa zikitumia FreeBSD, mfumo endeshi usio wa Microsoft, na kuzihamishia kwenye Windows ikawa kazi ya miaka. Yahoo nayo ilijengwa juu ya FreeBSD na lugha ya programu ya PHP, ikiwa kubwa mara nyingi kuliko Hotmail ile. Swali la kuwauliza wahandisi ni moja: je, tutaendesha mifumo miwili sambamba, au mmoja utazimwa, na ukizimwa ni upi, na baada ya miezi mingapi? Jibu la "tutaona" lina gharama yake, nalo liandikwe kwa dola.

Uliza pia nani atabaki kuutetea ununuzi ndani ya kampuni mnunuzi. HP iliinunua kampuni ya simu ya Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 kwa ajili ya webOS, mfumo wake endeshi wa simu. Mkurugenzi mtendaji aliyeinunua, Mark Hurd, akajiuzulu Agosti mwaka huohuo, na mrithi wake, Léo Apotheker, akaifuta TouchPad, tableti iliyotumia mfumo huo, wiki saba tu baada ya kuingia madukani mwaka 2011. Microsoft iliinunua biashara ya simu ya Nokia kwa euro bilioni 5.44, ununuzi ukakamilika Aprili 2014 chini ya mkurugenzi mtendaji mpya, Satya Nadella, ilhali makubaliano yalikuwa ya mtangulizi wake, Steve Ballmer, na Julai 2015 ikafuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6 kama hasara. Microsoft iliingia katika ununuzi huo kwa hofu zaidi kuliko kwa hesabu, kwani karibu simu zote za Windows zilitengenezwa na Nokia, na kama Nokia ingehamia Android, simu hizo zingetoweka madukani. Hofu ni sababu halali ya kununua, ila haina kikomo cha bei.

Kikomo na njia ya kando

Kikomo hicho lazima bodi ikiandike kabla ya barua ya kwanza kutumwa, pamoja na tarehe ya kujiondoa. Microsoft ilipandisha hadi dola 33 kwa hisa, Yahoo ikadai 37, tofauti ya zaidi ya dola bilioni 5, na tarehe 3 Mei 2008 Ballmer akajiondoa. Kufikia Novemba, msukosuko wa fedha ukiwa umeshika kasi, hisa ya Yahoo ilikuwa imeshuka chini ya dola 10, na mkataba wa matangazo iliokuwa imejitafutia kwa Google ulikuwa umevunjika baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kutishia kuupinga mahakamani.

Katika karatasi hiyohiyo ya kikomo, andika utakachofanya ukikataliwa. Mwezi Desemba 2008 Microsoft ilimwajiri Qi Lu, mhandisi mwandamizi aliyekuwa ameacha kazi Yahoo mwaka huo, aongoze huduma zake za intaneti. Julai 2009, wiki chache baada ya kuzindua Bing, mtambo wake mpya wa utafutaji, ilitia saini na Yahoo mkataba wa miaka 10 ambao chini yake Bing ingejibu maswali yanayoulizwa kwenye kurasa za Yahoo, na katika miaka mitano ya mwanzo Yahoo ingebakiza asilimia 88 ya mapato ya utafutaji kwenye tovuti zake. Wale watafutaji waliotakiwa mwaka 2008 wakaja kwa mkataba, huku maelfu ya wafanyakazi na seva za FreeBSD vikibaki kwa wenyewe.