Kuunda Fomu za Simu Zinazofuata Utaratibu Mmoja

Kabla ya kuchora skrini yoyote, orodhesha taarifa zote zitakazojazwa, kisha uamue kila moja itaitwaje na itajazwa vipi katika fomu zote za programu yako. Ikiwa ukurasa mmoja unasema "Nambari ya simu" na mwingine "Mawasiliano", mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka boma kwa boma huko Nyakach, nchini Kenya, atasita bila sababu.

Nambari za simu ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Mtu mmoja ataanza na 07, mwingine na 01, na mwingine na +254, na wote watakuwa sahihi. Kwa hiyo fomu izipokee namna zote, hata zenye nafasi katikati ya tarakimu, halafu programu yenyewe izihifadhi kwa mtindo mmoja. Si haki kumbebesha mtu kazi ambayo mashine inaiweza.

Mkulima wa Seme hupima mahindi kwa gorogoro au debe, ilhali mnunuzi hutaka kilo. Basi kiasi kiwe na kisanduku chake, na kipimo kichaguliwe kutoka kwenye orodha ileile kila mahali.

Lebo, yaani jina la kisanduku, ikae juu yake daima, kwa sababu maelezo yaliyo ndani ya kisanduku hutoweka mtu anapoanza kuandika. Ujumbe wa kosa nao utokee chini ya kisanduku husika, ukieleza tatizo waziwazi: "Nambari imepungukiwa na tarakimu moja", wala si "Ingizo batili".