Namna ya Kulinganisha Mmea-Mtungi wa Albany na Potoru wa Gilbert

Kulinganisha mmea na mnyama kwa kuuliza tu ni kipi kimebaki kichache zaidi kunapotosha. Chagua kwanza viumbe wa eneo moja, ambako mvua, ukame na moto huwapata wote, ili tofauti utakayoiona itokane na maumbile yao. Karibu na mji wa Albany, kusini-magharibi mwa Australia, wapo wawili wanaofaa: mmea-mtungi (Cephalotus follicularis), unaoota kwenye vinamasi vya mboji na kunasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi, na potoru wa Gilbert, mnyama wa takriban kilo moja anayelea mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Soma daraja la kila mmoja katika Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili), inayopanga viumbe kwa hatari yao ya kutoweka, na ambayo vigezo vyake ni vilevile kwa mimea na wanyama. Potoru yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini. Mmea uko madaraja mawili chini yake.

Kazi ngumu ni kuhesabu. Potoru mmoja ni mmoja, ila hujificha mno: kwa zaidi ya miaka 100 alidhaniwa ametoweka, hadi aliponaswa mwaka 1994 katika hifadhi ya Two Peoples Bay. Mmea-mtungi huchipuza kutoka kwenye shina la chini ya ardhi, hivyo fungu zima la mitungi isiyozidi urefu wa kidole, yenye ukingo wa meno yaliyopinda ndani ili sisimizi aliyetumbukia asitoke, laweza kuwa mmea mmoja. Amua mapema unahesabu nini, nawe ukiandike.

Kisha pima tishio moja kwa wote wawili. Moto wa mwaka 2015 uliteketeza sehemu kubwa ya vichaka vya potoru. Anayenusurika moto wa namna hiyo hukosa maficho dhidi ya mbweha na paka. Mmea ulioungua juu huweza kuchipua tena, mradi udongo ubaki na unyevu. Geuza swali, uulize juu ya kukausha kinamasi, na mmea ndio utakaoangamia kwanza.

Ukipanga majibu haya katika jedwali, safu ya mwisho iwe ya kinga. Potoru walihamishiwa kisiwa cha Bald kuanzia mwaka 2005, mbali na mbweha. Kwa mmea, andika maji yanayolisha kinamasi yanatoka wapi, na nani anayeitumia ardhi ya huko yanakotoka.