Kugawana hatamu za simulizi kwenye mchezo wa uigizaji wa mezani

Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii, ilipotoka Marekani mwaka 1974, kazi mezani imegawanywa hivi: mwongozaji anasimulia dunia, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Vikundi vingi vinataka kulegeza mgawanyo huo na vinakwama mapema. Mwongozaji anasema "haya, semeni chochote", kisha kimya kinatanda. Hatamu hazigawiwi kwa jumla. Unagawa kitu kimoja kinachojulikana, unampa mtu mmoja, na meza nzima inajua kitarudi lini.

Mfano wetu ni msafara wa pembe za ndovu wa karne ya 19, unaotoka Tabora kwenda Bagamoyo kupitia Ugogo. Unafaa kujifunzia kwa sababu shida zake zinaeleweka haraka: maji ni haba, na watemi wanadai hongo (ushuru wa njia wa zama hizo) ya nguo, shanga au waya kabla msafara haujapita.

Vifaa: mwongozaji mmoja, wachezaji 3 hadi 5, dadu 2 za pande 6, karatasi, kalamu, na kete 2 kwa kila mchezaji. Komwe za bao au vifuniko vya soda vinatosha. Mkicheza kibarazani Dodoma wakati wa kiangazi, tafuteni mawe ya kukandamizia karatasi.

Hatua ya 1: Wekeni mipaka

Kila mtu aandike kwenye kikaratasi, bila jina, mambo asiyotaka yaingie mchezoni. Kwa msafara wa zama hizo, swali la utumwa litajitokeza tu, na wapo watakaokataa uchawi kwa sababu za imani. Mwongozaji asome vyote kwa sauti na visijadiliwe. Kilichoandikwa hakiingii mchezoni.

Hatua ya 2: Andikeni nani ana mamlaka juu ya nini

Gawa karatasi kubwa safu tatu. Ya mchezaji: mhusika wake, ndugu zake, alikotoka, alichowahi kufanya. Ya mwongozaji: siri, nia za wahusika wengine, matokeo ya kushindwa. Ya wote: vijiji, desturi, majina, njia. Ibandikeni mahali panapoonekana. Ugomvi mwingi wa mezani hutokea pale watu wawili wanapoamini kitu kilekile ni chao.

Hatua ya 3: Uliza maswali yaliyobeba jambo

Hapa ndipo ustadi wote ulipo, na hapa tunakaa.

"Kijijini kuna nini?" ni swali pana mno, mchezaji hajui aanzie wapi. Linganisha na hili: "Masanja, ulishapita hapa safari iliyopita ukatoroka usiku bila kulipa hongo. Nani alikuona?" Tatizo limo ndani ya swali, na nafasi iliyobaki ni moja tu. Hata mchezaji mgeni ana la kusema.

Uliza jambo ambalo mhusika wake angelijua. Pokea jibu la kwanza na uliandike mbele ya wote. Ukilibadilisha kimyakimya baadaye kwa sababu limeharibu mpango wako, mchezaji huyo hatajibu kwa moyo tena. Maswali 2 au 3 kwa kila tukio yanatosha. Yakizidi, wachezaji wanaona wanafanya kazi yako, na ile hisia ya dunia iliyopo bila wao inapotea.

Usiulize jibu la fumbo. Kama kisima kimetiwa sumu na kazi yao ni kumpata aliyetia, "nani katia sumu?" linaua mchezo mzima. Uliza dalili: "Umeona nini kando ya kisima kilichokufanya usinywe?"

Kuna kikwazo kingine tunachokifahamu wote. Mwongozaji akiwa mkubwa kwa umri, wadogo watajibu, "Vyovyote utakavyoona, kaka." Usiwabane wala usiwacheke. Wape njia mbili wachague, au kila mtu aandike jibu kabla yeyote hajasema.

Hatua ya 4: Kete za kutangaza jambo

Mchezaji anaweka kete moja mezani na kutangaza jambo jipya kuhusu dunia. Masharti ni matatu: lisipinge kilichokwisha kusemwa, lisimwamulie mhusika wa mwenzake, na lisimalize tatizo peke yake.

Sharti la tatu ndilo huvunjwa zaidi. "Mlinda kisima ni mtani wangu" ni tangazo zuri. "Mlinda kisima ni mtani wangu, kwa hiyo tunachota bure" limevuka mpaka. Mwongozaji achukue nusu ya kwanza na kuiendeleza: "Kweli, ni mtani wako. Anakushika mkono, anacheka, halafu anakudai yule ng'ombe wa babu yake mliyemla." Mtu akitunga yeye kikwazo na yeye suluhisho, hakuna tena cha kuhofia, na wengine wanabaki watazamaji.

Kete iliyotumika inakwenda kwa mwongozaji. Inarudi kwa mchezaji anayekubali mhusika wake apatwe na shida inayotokana na historia yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Dadu ziamue nani asimulie

Rusha dadu 2, jumlisha. 10 na zaidi, mchezaji anasimulia alivyofanikiwa. 7 hadi 9, anasimulia mafanikio na jirani wa kulia anataja gharama. 6 kushuka chini, mwongozaji anasimulia. Kati ya matokeo 36, makundi hayo yana 6, 15 na 15. Ukimpa mhusika nyongeza ya 1 kwa kazi anayoimudu, inakuwa 10, 16 na 10.

Chukua msafara unaoterekeza, yaani unaoendelea na mwendo alasiri, kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji upande wa Mpwapwa. Kiongozi amepata 8. Anasimulia walivyofika kabla ya giza. Jirani anasema mizigo miwili ya nguo imeachwa njiani. Gharama iwe mali, muda au heshima. Jirani hana ruhusa ya kuua mhusika wala kufuta mafanikio.

Anayepewa zamu aambiwe "pokea", naye akimaliza aseme "nimefika". Sentensi 3 au 4 zinamtosha. Bila maneno hayo, mwenye mdomo mwepesi atameza zamu za wenzake bila hata kukusudia.

Yakigongana

Matangazo mawili yakipingana, lililotangulia linasimama na wa pili anarudishiwa kete. Mwongozaji ana kura ya turufu kwa jambo linalovunja mipaka ya hatua ya 1 au masharti ya hatua ya 4, na lazima ataje ni lipi. "Sijaipenda" si sababu.

Acheni dakika 10 mwisho wa kikao. Mmoja asome matangazo yote, kila jina na kijiji kiandikwe kwenye daftari la kikundi, na mwongozaji azungushie duara matangazo mawili au matatu atakayoyatumia kikao kijacho, wachezaji wakiona.